Fosforasi ipo shambani, mahindi hayaipati: fanya hivi

Kila mwaka mwisho wa Aprili simu yangu hujaa picha za aina moja. Mahindi ya majani manne au matano, yamedumaa, kingo za majani zimegeuka zambarau kama zimepakwa wino. Chini ya picha kuna swali lile lile: "Niliweka DAP, sasa hii ni nini tena?" DAP ni mbolea ya kupandia yenye fosforasi, kirutubisho ambacho mahindi yakikikosa hugeuka zambarau. Ukimuuliza mwenye shamba kama aliwahi kupima asidi ya udongo, kimya. Nimejibu mmoja mmoja hadi nimechoka, kwa hiyo nimeandika yote hapa.

Ninaandika nikifikiria mashamba mekundu ya huku kwetu magharibi mwa Kenya: Vihiga, Kakamega, Bungoma, Busia, Siaya, na vilima vya Maseno upande wa Kisumu. Kama unalima udongo mweusi wa mfinyanzi kule tambarare ya Kano, Kisumu, usinakili hatua ya chokaa kabla ya kupima. Huenda huihitaji kabisa.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Jembe, na ndoo safi ya plastiki. Ndoo iliyowahi kubeba mbolea haifai.
- Mfuko mdogo safi wa kubebea nusu kilo ya udongo, na kalamu ya kuandika jina la kipande.
- Kamba yenye mafundo ya kupimia nafasi.
- Vifuniko vya soda viwili au vitatu.
- Pesa za kupima udongo. Kama bajeti haitoshi mbolea na kipimo, punguza mbolea kidogo upime.
- Muda. Anza Desemba au Januari. Anayeanza siku mvua ya Machi inaponyesha amechelewa kwa msimu huo, ingawa hatua ya 5 na ya 6 bado zitamsaidia.

Nadharia kidogo tu

Naitrojeni ina njia ya hewani: maharagwe huinasa kupitia vinundu vya mizizi. Fosforasi haina njia hiyo. Chanzo chake ni mwamba. Mwamba ukimeng'enyeka inaingia kwenye maji ya udongo, mzizi unaichukua, inakwenda kwenye jani na punje, kisha jani likioza au likipitia tumbo la ng'ombe inarudi ardhini. Mzunguko ni huo tu. Kila gunia la mahindi unalouza sokoni Luanda linaondoka na sehemu yake, na hakuna mvua itakayokurudishia. Tani moja ya punje hubeba takriban kilo 3 za fosforasi.

Ukitaka kuuona mzunguko huu kwa macho, nenda nyuma ya jikoni uitazame migomba. Imenona, si kweli? Jivu, maganda, kinyesi cha kuku, maji ya vyombo: yote yalitoka shambani kule mbali yakaishia pale. Shamba la mbali linakonda, mgomba wa jikoni unanenepa.

Shida yetu ya pili ni kufuli. Wekundu wa udongo wetu ni chuma, kutu hasa, na chuma pamoja na alumini hushika fosforasi na kuing'ang'ania. Udongo ukiwa mchachu, yaani pH (kipimo cha uchachu) chini ya 5.5, alumini nayo inayeyuka na kuunguza ncha za mizizi. Hapo mzizi umekuwa mfupi, na chakula chenyewe hakitembei, kwa maana fosforasi husogea milimita chache tu kuufikia mzizi. Ndiyo sababu mbolea nyingi inaweza kukaa shambani na mmea ukafa njaa kando yake. Hata mambo yakienda vizuri, mazao kwa kawaida huchukua kati ya asilimia 10 na 25 ya fosforasi ya mbolea katika msimu wa kwanza.

Hatua ya 1: Tembea shambani ukiangalia

Zambarau kwenye majani ya chini ya mahindi machanga ni dalili, lakini si hukumu. Baridi na maji yaliyotuama pia huleta rangi hiyo, na kuna mbegu zenye zambarau ya asili. Kwa hiyo tafuta dalili nyingine zinazoandamana nayo: maharagwe yenye majani madogo ya kijani kizito na vinundu vichache mizizini, maua yanayochelewa, na kayongo. Kayongo (wengine huita kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi) haimaanishi moja kwa moja kwamba fosforasi imekwisha, ila hupenda shamba lililochoka, na shamba lililochoka mara nyingi lina upungufu huu pia.

Chora ramani ya shamba kwenye karatasi. Pale palipokuwa zizi, palipokuwa boma la zamani, mteremko, bondeni: kila sehemu ni kipande chake. Ekari moja kwetu huku inaweza kuwa mashamba matatu kwa tabia.

Hatua ya 2: Chukua udongo

1. Tembea mshazari, kushoto kulia, ukisimama sehemu 15 hadi 20 katika kipande kimoja.
2. Kila unaposimama, fagia majani ya juu, chimba shimo la sentimita 20, kisha kata bamba jembamba la udongo kutoka juu hadi chini ya ukuta wa shimo.
3. Tia yote kwenye ndoo, vunja mabonge, changanya sana.
4. Toa nusu kilo. Ianike kivulini juu ya karatasi safi.
5. Andika jina la kipande na tarehe, na zao unalotaka kupanda.

Kosa la kawaida: kuchota pale ulipochomea takataka, chini ya mti, kando ya kichuguu, au kwenye mstari wa mbolea ya mwaka jana. Sehemu moja ya jivu inatosha kudanganya kipimo chote. Na usichukue udongo mara tu baada ya kuweka mbolea.

Wapi upeleke? KALRO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo na mifugo, wana kituo Kakamega, na aliye upande wa Nakuru anaweza kuulizia Chuo Kikuu cha Egerton pale Njoro. Afisa wa kilimo wa wadi yako atakueleza kilicho karibu. Omba pH, fosforasi na kaboni. Vipimo vya bei ghali vyenye orodha ya madini kumi na tano unaweza kuviacha mwaka wa kwanza.

Hatua ya 3: Soma majibu bila kutishika

Anza na pH, si na fosforasi. Ikiwa ni 5.5 au zaidi, ruka hatua ya 4. Ikiwa chini ya hapo, hatua ya 4 ndiyo itakayokuokolea pesa.

Kwenye mstari wa fosforasi, tazama njia iliyotumika kupima. Kwa njia ya Olsen, chini ya takriban 10 (miligramu kwa kilo ya udongo) mahindi kwa kawaida hunufaika na mbolea. Njia ya Mehlich hutoa namba zake, kubwa zaidi, na ina mpaka wake. Watu wawili sokoni wakilinganisha namba za maabara mbili tofauti wanabishana kuhusu debe na gorogoro.

Hatua ya 4: Fungua kufuli kwa chokaa

Nunua chokaa ya kilimo, unga wa jiwe la chokaa lililosagwa. Eneo la Koru, kaunti ya Kisumu, lina jiwe hilo kwa wingi, kwa hiyo sisi wa magharibi hatuna sababu ya kulipia usafiri wa mbali. Chokaa ya kupaka nyumba ni kitu kingine. Inaunguza mikono na ni rahisi kuzidisha.

Fuata kiasi cha maabara. Kwa mashamba mengi yetu yenye pH karibu na 5, pendekezo la tani 2 kwa hekta ni la kawaida, yaani kilo 800 kwa ekari, mifuko 16 ya kilo 50. Najua mtu amesoma "mifuko 16" akataka kuacha kusoma. Tulia. Chokaa hiyo hufanya kazi misimu kadhaa, na unaweza kuigawa: mifuko 4 kila mwaka, ukiiweka kwenye mistari ya kupandia tu na kuichanganya na udongo. Itachukua muda zaidi lakini utafika.

1. Mwaga wiki kadhaa kabla ya kupanda, asubuhi isiyo na upepo. Funika pua na macho.
2. Lima uichanganye hadi sentimita 15. Chokaa iliyoachwa juu haifanyi kitu kule chini.
3. Subiri unyevu. Bila maji chokaa ni vumbi tu.

Onyo: usizidishe. pH ikipanda juu ya 7, kalisi nayo inaanza kuifunga fosforasi, na utakuwa umetoka kufuli moja ukaingia lingine.

Onyo la pili: usichanganye chokaa na DAP katika ndoo moja au shimo moja. Jaribu hivi uone: weka punje chache za DAP kwenye kiganja chenye glavu au karatasi ya nailoni, ongeza kidogo ile chokaa ya kupaka nyumba na tone la maji, sugua. Harufu kali itakupanda puani. Hiyo ni naitrojeni yako ikipaa kwa jina la amonia. Jaribio hilo hilo lina faida nyingine: "DAP" isiyotoa harufu yoyote itilie shaka. Mwaka 2024 nchi nzima ilizungumzia mbolea feki, na tangu wakati huo mimi sinunui mfuko uliofunguliwa wala ule ulioshonwa upya.

Hatua ya 5: Chagua mbolea na uipime kweli

Namba za mfukoni zinawachanganya wengi. DAP ni 18-46-0: ya kwanza naitrojeni, ya pili fosforasi, ya tatu potasiamu. Lakini ile 46 si fosforasi tupu. Imeandikwa ikiwa pamoja na oksijeni yake. Zidisha kwa 0.44. Mfuko wa kilo 50 basi una takriban kilo 10 za fosforasi na kilo 9 za naitrojeni. TSP ni 0-46-0, fosforasi ile ile bila naitrojeni. NPK 23:23:0 ina nusu ya fosforasi ya DAP kwa mfuko, jambo la kukumbuka unapolinganisha bei.

Je, DAP "imeharibu udongo"? Nusu kweli. Amonia iliyomo huongeza uchachu mwaka baada ya mwaka, hasa mahali ambapo mabua yote huondolewa na hakuna chokaa. Fosforasi yake haina kosa. Anayeiacha DAP kwa hasira akapanda bila fosforasi yoyote amejiadhibu mwenyewe. Kama pH yako iko chini sana, tumia TSP huku ukirekebisha asidi.

Kuna pia fosfeti ya mwamba ya Minjingu, inayochimbwa Tanzania karibu na Ziwa Manyara. Hii huyeyuka polepole, na uchachu ndio unaoiyeyusha, kwa hiyo inafaa udongo wetu kuliko wa pH ya juu. Usitarajie miujiza wiki ya tatu.

Sasa kipimo. Ukipanda sentimita 75 kwa 50, mbegu mbili kwa shimo, ekari ina mashimo karibu 10,800. Mfuko mmoja wa kilo 50 ukigawanywa ni gramu 4.6 kwa shimo, karibu na kifuniko kimoja cha soda kilichosawazishwa. Ukipanda 75 kwa 25, mbegu moja moja, mashimo ni karibu 21,600 na kila moja hupata nusu ya kifuniko. Usiniamini mimi wala kifuniko: pima kilo moja dukani, hesabu vifuniko vingapi vinaimaliza, gawanya. Punje za mbolea hutofautiana, na vidole vya anayepanda akiwa na njaa saa sita mchana hutofautiana zaidi.

Hatua ya 6: Iweke mahali mzizi utaikuta

1. Chimba shimo la sentimita 10 hivi.
2. Tia mbolea chini.
3. Funika kwa udongo unene wa vidole viwili.
4. Weka mbegu.
5. Funika tena, sentimita 4 hadi 5.

Namba 3 hapo juu ndiyo inayorukwa. Mbegu ikigusana na DAP inaungua, na mwenye shamba hulaumu mbegu, kisha muuza mbegu, kisha panya.

Kwa nini shimoni na si kumwaga shamba zima? Ukiimwaga, kila punje inazungukwa na udongo mwekundu wenye njaa ya kuifunga. Ukiiweka pamoja, udongo ulio karibu unashiba na kinachobaki kinaliwa na mmea.

Kumwaga DAP juu wakati mahindi yamefika magotini ni kupoteza pesa. Haitashuka. Wakati huo mahindi yanataka naitrojeni, weka CAN.

Hatua ya 7: Rudisha kilichotoka

Samadi ndiyo njia ya kuugeuza ule mzunguko wa migomba. Konzi mbili kwa shimo, iliyooza vizuri. Fosforasi yake ni kidogo kwa uzito, lakini mboji husaidia kuziba sehemu ambazo chuma kingeishikia fosforasi, na viumbe wadogo wa udongo wanaipokezana badala ya kuiacha ifungwe. Iweke pamoja na mbolea ya dukani, nusu kwa nusu ukipenda. Lundo la samadi lifunikwe kwa majani ya migomba. Lililoachwa wazi msimu mzima wa mvua limekwisha kufuliwa.

Halafu kuna yale maua ya njano kwenye ua, machungu kama mwarobaini: maua amalulu kwa Waluhya, maua makech kwa Wajaluo, kitaalamu Tithonia diversifolia. Watafiti walioyafanyia kazi Vihiga na Siaya miaka ya 1990 walikuta majani yake makavu yana takriban asilimia 3.5 ya naitrojeni, 0.37 ya fosforasi na 4 ya potasiamu. Ni mengi kwa jani la bure, na huoza upesi. Kata matawi mabichi, katakata, fukia siku saba hadi kumi kabla ya kupanda.

Ila tusidanganyane. Mmea huu hautengenezi fosforasi. Unaihamisha kutoka kwenye ua hadi shambani. Kwa ekari nzima utahitaji tani kadhaa za majani mabichi, na mgongo utakaoyabeba ni wako. Mimi huyatumia kwenye sukuma wiki na vitalu, mahindi nayapa mbolea na samadi.

Mifupa pia. Kisumu mtu wa Obunga hahitaji kuelezwa maana ya mgongo wazi, yaani mifupa ya samaki iliyobaki baada ya minofu kutolewa. Mifupa inayobaki baada ya kuliwa ni fosforasi na kalisi. Ichome, iponde, changanya na samadi. Hutoa polepole, na udongo mchachu huiyeyusha.

Hatua ya 8: Zuia isiende ziwani

Kwa kuwa fosforasi imeshikamana na udongo, huondoka pamoja na udongo. Maji mekundu yanayoshuka mtaroni baada ya mvua ya saa kumi jioni ni mfuko wako wa mbolea ukielekea mto Yala, Nyando au Nzoia. Hatimaye hufika Ziwa Victoria, na kule Ghuba ya Winam hulisha mwani na gugu maji, halafu boti zinakwama.

Panda nepia kwenye kontua, chimba mitaro ya kukinga maji kabla ya Machi, na mabua yasiyoliwa na ng'ombe yalaze kwa mstari kukata mteremko. Kuyachoma mabua hakuichomi fosforasi, hubaki kwenye jivu, lakini jivu jepesi kwenye mteremko huondoka na mvua ya kwanza.

Mambo yakikataa

*Nimeweka DAP kwa kipimo na bado ni zambarau.* Ng'oa mche mmoja utazame mizizi. Mifupi, minene, yenye ncha za kahawia: asidi na alumini. Myeupe na mirefu, na wiki ilikuwa ya baridi: subiri siku kumi, majani mapya yatatoka kijani. Mimi mwenyewe niliwahi kuweka mifuko miwili kwa ekari mwaka mmoja nikavuna kama sikuweka. Kipimo kilipokuja, pH ilikuwa 4.8.

*Nimeweka chokaa na sioni tofauti.* Ulichanganya au uliacha juu? Ilipata mvua? Msimu wa kwanza mara nyingi ni nusu ya matokeo. Acha kipande cha mita tano kwa tano bila chokaa, kingine bila fosforasi, vyote katikati ya shamba, uweke vijiti. Bila kipande cha kulinganisha utabaki kukisia.

*Mbegu hazikuota, mashimo yana mbolea.* Umeziunguza. Panda upya pembeni ya shimo, usiongeze mbolea.

*Je, nipulizie fosforasi kwenye majani?* Chupa ile ina gramu ambapo mmea unataka kilo. Inaweza kupaka kijani kwa wiki moja. Pesa hiyo nunua samadi.

*Mahindi ni ya njano, si ya zambarau.* Njano ikianzia ncha ya majani ya chini na kuingia katikati kama herufi V, hiyo ni naitrojeni. Umefika mwongozo usio wako.

*Msimu wa pili, wa Agosti, niweke tena kiasi kile kile?* Sehemu iliyobaki huendelea kutoka kidogo kidogo, kwa hiyo kama msimu wa kwanza uliweka mfuko mzima na mavuno yalikuwa madogo, nusu inaweza kutosha. Mavuno yakiwa makubwa, rudisha kamili.

*Jirani haweki chochote na mahindi yake yamenishinda.* Kamuulize mzee wao zizi la ng'ombe lilikuwa wapi miaka ya nyuma.